Mwalimu Mlezi katika Mabadilishano ya Wanafunzi: Lugha, Heshima na Dhima baina ya Tanzania na Ujerumani

IKISIRI

Makala haya yanachunguza nafasi ya mwalimu anayefuatana na wanafunzi katika ziara za mabadilishano baina ya shule za sekondari za Tanzania na za Ujerumani. Kwa kuanzia na uchambuzi wa kitenzi kubadilishana na majina anayopewa mwalimu huyo, makala yanaonyesha kuwa kazi yake kubwa ni ya lugha: ni yeye anayefasiri maamkizi, ukarimu, sheria na historia kwa pande mbili. Makala yanahitimisha kwa hoja kwamba mahali Kiswahili kilipoachwa kuwa pambo la hafla, mabadilishano hupoteza sifa ya kutendana inayodokezwa na jina lake.

1.0 UTANGULIZI

Uhusiano wa shule za Tanzania na za Ujerumani una mizizi mingi. Upo ule uliotokana na makanisa, upo uliotokana na miji, na upo ulioanzishwa na walimu wenyewe. Mji wa Mwanza umekuwa na uhusiano na mji wa Würzburg tangu mwaka 1966, na Dar es Salaam ilitia saini mkataba wa udugu na Hamburg mwaka 2010. Mwaka 2005 wizara ya Ujerumani inayoshughulikia ushirikiano wa maendeleo ilianzisha mpango uitwao ENSA kwa ajili ya kugharimia ziara za wanafunzi baina ya Ujerumani na nchi za Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na Ulaya ya Kusini-Mashariki. Kwa kawaida kundi dogo la wanafunzi husafiri pamoja na walimu wawili au watatu, huishi katika nyumba za wenyeji au bwenini kwa majuma machache, na baadaye wenyeji nao huwa wageni.

Maelezo yanayotolewa kuhusu ziara hizi, yawe ya shule au ya wafadhili, humweka mwanafunzi katikati: amejifunza nini, amebadilika vipi, amepata marafiki wangapi. Mwalimu hutajwa katika orodha ya wasafiri na katika shukrani za mwisho. Hata hivyo, mwalimu ndiye anayeulizwa na mzazi kabla ya safari, na mwenyeji wakati wa safari, na mkuu wa shule baada ya safari. Makala haya yanadai kwamba mwalimu huyu si mtu wa pembeni. Anafanya kazi ambayo bila yeye ziara ingebaki utalii wa vijana. Aidha, kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni suala la isimujamii, na kwa sababu hiyo inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kama inavyowahusu wataalamu wa elimu.

2.0 ISTILAHI NA YANAYOFICHWA NDANI YAKE

2.1 Kubadilishana na kutembeleana

Nomino mabadilishano imetokana na kitenzi badilishana, ambacho kina viambishi viwili vya unyambulishaji juu ya mzizi badili: -sh- cha kusababisha na -an- cha kutendana. Kauli ya kutendana hudai pande mbili, na kila upande huwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Kauli hiyo haitimii kwa upande mmoja. Anayempiga mwenzake bila kupigwa hawezi kusemwa kuwa wamepigana.

Tuitazame sasa sentensi ya kawaida katika taarifa za shule:

(1) Shule ya Mwanza inabadilishana wanafunzi na shule ya Würzburg.

Katika sentensi (1), wanaotendana ni shule. Wanafunzi ni yambwa. Kisarufi wamekaa mahali pale pale ambapo vitabu au zawadi zingekaa. Mwalimu hayumo kabisa. Linganisha na sentensi hii:

(2) Wanafunzi wa Mwanza na wa Würzburg wanatembeleana.

Katika sentensi (2) wanafunzi wenyewe ndio watenda, na kauli ya kutendana inawadai wote. Ikiwa Wajerumani wamekuja Mwanza mara nne na Wamwanza wamekwenda Würzburg mara moja, sentensi (2) inaanza kuyumba, lakini sentensi (1) bado inaweza kuandikwa katika taarifa bila mtu kustuka. Ndiyo kusema kwamba istilahi iliyozoeleka inaruhusu kasoro ambayo istilahi nyingine ingeifichua. Si lazima neno mabadilishano liachwe, kwani limekwisha kuenea. Linalotakiwa ni kulipima kwa kipimo chake lenyewe: je, kutendana kupo?

2.2 Jina la mwalimu

Mwalimu wa safari hana jina moja. Katika barua huitwa msindikizaji, katika misafara ya michezo mkuu wa msafara, na wanafunzi humwita mlezi. Majina haya hayalingani. Kusindikiza katika Kiswahili ni kumtoa mgeni na kufuatana naye sehemu ya njia, kisha kurudi. Anayesindikiza ni mwenyeji, na adabu yake inaishia njia panda. Isitoshe, katika lugha ya michezo msindikizaji ni timu inayoshiriki bila tumaini la kushinda. Mkuu wa msafara hudokeza amri na itifaki. Mlezi ndilo jina linalogusa kiini, kwa kuwa kulea kunajumuisha kulinda, kufunza na kuwajibika mbele ya wazazi. Makala haya yanapendekeza mwalimu mlezi, na yatalitumia kuanzia hapa.

3.0 WALIMU WALIOTANGULIA KUVUKA BAHARI

Mwalimu wa Kiswahili aliyekwenda Ujerumani si jambo geni. Chuo cha Lugha za Mashariki kilianzishwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha hapo kati ya mwaka 1891 na 1895, na habari zake alizoziandika kwa Kiswahili zilichapishwa na Büttner mwaka 1894. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika mwaka 1900. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Velten mwaka 1903.

Walimu hao walikuwa wakiwafundisha watu waliojiandaa kwenda kutawala. Lugha ilisafiri kwenda Berlin ili irudi pwani ikiwa chombo cha dola. Mwalimu alihitajika kwa ajili ya ulimi wake, lakini heshima yake kama mtu haikuwa sehemu ya mkataba. Mtoro alipotaka kurejea Afrika ya Mashariki mwaka 1905 pamoja na mke wake Mjerumani, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka pamoja. Alirudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927.

Historia hii haitajwi hapa ili kudai kwamba hali ya leo ni ile ile. Inatajwa kwa sababu inaonyesha kwamba mwalimu anaweza kutumiwa kama daraja bila ya kutambuliwa kama msafiri. Mwalimu mlezi wa leo hana budi kujiuliza swali ambalo Mtoro hakupewa nafasi ya kuliuliza: je, njia hii inapitika kwa pande zote mbili?

4.0 MWALIMU MLEZI KAZINI

4.1 Kabla ya safari

Swali hilo hujibiwa kwanza na karatasi. Raia wa Ujerumani anaweza kuomba viza ya Tanzania kwa mtandao au kuipata afikapo uwanja wa ndege. Mwanafunzi wa Tanzania anayekwenda Ujerumani huingia katika Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009. Kanuni hiyo inawasamehe ada wanafunzi na walimu wanaofuatana nao kwa ajili ya masomo, nayo ni moja ya nyaraka chache zinazomtambua mwalimu mlezi kwa kazi yake. Lakini inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, ridhaa ya wazazi kwa aliye chini ya umri wa utu uzima, na ushahidi kwamba mwombaji atarudi kwao. Kila aliyefikisha miaka 12 huchukuliwa alama za vidole. Kwa kundi la Mwanza hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Dar es Salaam kabla hata ya kujua kama safari yenyewe itakuwapo.

Mwalimu ndiye anayemweleza mzazi asiyewahi kuwa na pasipoti kwa nini mtoto wake anatakiwa kuthibitisha kwamba hatatoroka, hali mtoto wa mgeni waliyemlaza nyumbani mwaka uliopita hakuulizwa jambo kama hilo. Maelezo hayo ni ya lugha. Mwalimu akitumia maneno ya kiofisi, mzazi huona dharau. Akitumia lugha ya kubembeleza, mzazi huona hatari. Wengi huishia kusema kwamba ndivyo utaratibu ulivyo, nayo ni kauli inayofunga mazungumzo bila kujibu swali.

Kalenda nazo hazipatani. Mwaka wa masomo wa sekondari Tanzania huanza Januari, na kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa Novemba. Likizo ya vuli ya majimbo mengi ya Ujerumani, ambayo huwa Oktoba, humfikisha mgeni wakati mwenyeji wake anakesha na vitabu. Mwalimu asiyeliona hili mapema huwapa wanafunzi wake mzigo wa kupokea wageni katika mwezi ambao hawana nafasi.

4.2 Maamkizi na namna ya kuitana

Kijerumani hutofautisha du na Sie, yaani wewe ya mazoea na wewe ya heshima. Kiswahili hakina tofauti hiyo katika viwakilishi. Heshima hubebwa na maamkizi, na majina ya ukoo na vyeo. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi Mjerumani aliyejifunza viwakilishi vyote hudhani amekwisha kumudu adabu, kumbe hajaianza. Kwa kuwa vijana wenzake humwamkia kwa mambo, naye huitikia poa, haoni ubaya wa kumwambia mkuu wa shule mambo. Darasani sekondari salamu ya Kiingereza huweza kulificha kosa hili. Nje ya darasa, mbele ya bibi wa nyumba, haliwezi kufichika. Shikamoo ni tendo la kukiri umri wa mwingine, na asiyelitoa hukosa kitu ambacho ukarimu wote utakaofuata hauwezi kukirudisha upesi.

Tatizo la upande wa pili halionekani kwa urahisi, na kwa hiyo ni zito zaidi. Mwanafunzi wa Tanzania akifika katika nyumba ya Kijerumani, mara nyingi mama mwenye nyumba humwomba amwite kwa jina lake la kwanza. Kwa mama huyo hilo ni karibisho. Kwa mwanafunzi ni amri ya kukosa adabu. Njia anayoichagua ni kutomwita kabisa: husubiri mpaka mama ageuke, au hukohoa, au husogea karibu. Baada ya siku tatu mama hulalamika kwa mwalimu kwamba kijana hana furaha. Hapa mwalimu mlezi mwenye Kiswahili ana dawa iliyo tayari katika desturi: mama huyo aitwe Mama na kufuatiwa na jina la mtoto wake. Jina la mtoto linatosheleza ukaribu anaoutaka mwenyeji, na neno Mama linahifadhi heshima asiyoweza kuiacha mgeni. Ufumbuzi huu haupatikani katika Kiingereza, ingawa ndiyo lugha wanayoitumia wote wawili.

4.3 Pole, karibu na saa

Maneno machache hubeba mzigo mkubwa. Mwanafunzi Mjerumani akijikwaa na kuambiwa pole, hudhani aliyesema anakiri kosa, naye hujibu kwamba si kosa lako. Akiambiwa pole na safari, hushangaa, maana safari ilikuwa nzuri. Mwalimu anapaswa kueleza kwamba pole haihusu kosa wala si lazima ihusu msiba. Ni kutambua kwamba mwenzako amebeba jambo.

Karibu ina shida ya aina nyingine. Anayekula mbele ya mtu bila kumkaribisha huhesabiwa mchoyo, hata kama chakula ni kipande cha mkate alichokinunua kwa fedha yake. Kwa upande mwingine, mgeni wa Kitanzania aliyefunzwa vyema hukataa chakula mara ya kwanza, kwa kuwa anajua mwenyeji atarudia. Katika nyumba nyingi za Kijerumani mwenyeji haulizi mara ya pili, kwa sababu kumsisitiza mtu aliyekwisha kukataa ni kutomheshimu. Chakula huondolewa mezani, na kijana hulala na njaa katika nyumba yenye kila kitu. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja ametimiza adabu ya kwao kikamilifu, na ndiyo sababu tatizo halisemwi.

Saa nazo hupotosha. Kuambiwa saa mbili asubuhi na kufika saa nane mchana ni kosa linalojulikana na kila mwalimu wa Kiswahili kwa wageni. Katika ziara za shule madhara yake ni basi lililoondoka.

4.4 Sheria mbili, mwalimu mmoja

Yapo mambo ambayo tafsiri ya maneno haitoshi. Nchini Ujerumani kijana wa miaka 16 anaruhusiwa na sheria kunywa bia na divai. Tanzania umri ni miaka 18. Mzazi wa Mwanza amemkabidhi mwalimu mtoto wake kwa masharti ya Mwanza, na baba wa nyumba ya Würzburg anaweka bia mezani kwa masharti ya Würzburg. Mwanafunzi anamtazama mwalimu, ikiwa mwalimu yupo. Mara nyingi hayupo, kwa sababu amelazwa nyumba nyingine.

Kinyume chake ni suala la viboko. Kanuni za Tanzania za mwaka 1979, pamoja na marekebisho yake, zinaruhusu adhabu hiyo shuleni kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa idadi isiyozidi viboko vinne, na iandikwe kitabuni. Sheria ya Ujerumani imekataza kabisa, na tangu mwaka 2000 sheria ya kiraia inampa mtoto haki ya kulelewa bila mabavu. Wanafunzi wa Kijerumani wakishuhudia mwenzao anachapwa, humgeukia mwalimu wao na kumtaka aseme. Akinyamaza, wanafunzi wake humwona mwoga. Akisema mbele ya hadhara, humvunjia heshima mwenyeji, na huenda aliyechapwa ndiye atakayelipa gharama ya aibu hiyo.

Haifai kulijibu jambo hili kwa kusema kwamba kila nchi ina mila yake. Miongoni mwa walimu na wazazi wa Tanzania wenyewe wapo wanaopinga viboko na wapo wanaovitetea, na mgeni anayedhani Watanzania wote wana kauli moja amekwisha kuwakosea. Linalowezekana ni kuyazungumza masuala haya mawili kabla ya safari, baina ya walimu wa pande mbili na kwa usawa: bia kwa upande huu, viboko kwa upande ule. Upande mmoja ukiwa ndio pekee unaotakiwa kujieleza, kutendana kumekwisha kuvunjika kabla ya ndege kuruka.

4.5 Mbele ya mifupa ya Tendaguru

Makundi yanayopita Berlin huweza kupelekwa katika makumbusho ya viumbe, ambamo umesimamishwa mfupa mzima wa dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya meta 13. Alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Kazi hiyo ilifanywa na mamia ya wafanyakazi Waafrika, akiwamo msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa na wapagazi hadi bandarini. Ilianza miaka miwili tu baada ya kumalizika kwa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilivyoteketeza kusini ile ile.

Mwanafunzi wa Tanzania anayesimama hapo huuliza swali fupi: kwa nini yuko hapa? Mwenzake Mjerumani husikiliza. Hakuna mahali pengine katika ziara nzima ambapo mwalimu mlezi anahitaji zaidi kuijua historia na lugha ya kuisemea. Maneno yenyewe yanachagua upande: mifupa ilipelekwa, ilichukuliwa, ilihifadhiwa au iliporwa? Mwalimu anayefahamu uzito wa kila kitenzi anaweza kuwafanya wanafunzi wa pande zote waupime wenyewe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na wakoloni wa Kijerumani. Wanafunzi wana haki ya kujadili ikiwa kuomba radhi na kurudisha ni kitu kimoja, na kufanya hivyo wakiwa pamoja, si kila kundi nyumbani kwake.

5.0 LUGHA YA TATU

Mazungumzo yote yaliyotajwa hapo juu hufanyika kwa Kiingereza, ambacho si lugha ya kwanza ya Mtanzania wala ya Mjerumani. Ipo hoja kwamba hali hiyo ni ya haki, kwa kuwa kila upande unasafiri hatua sawa. Hoja hii ina ukweli nusu. Mjerumani husoma Kiingereza kama somo, na masomo mengine huyapata kwa lugha yake. Mtanzania wa sekondari hufundishwa masomo mengi kwa Kiingereza baada ya kumaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, naye amezoea kupimwa akili kwa lugha hiyo. Akikosea mbele ya mgeni, haoni kuwa amekosea lugha tu. Huona ameshindwa mtihani. Ndiyo sababu wengi hunyamaza, na kimya chao hufasiriwa kuwa haya au upole wa asili.

Kiswahili kwa upande wake hupewa nafasi ya wimbo wa kukaribisha na hotuba fupi ya kuagana. Mgeni hurudi kwao na asante, karibu na hakuna matata. Lakini mifano ya sehemu ya 4.0 inaonyesha kwamba matatizo mazito ya ziara hupata ufumbuzi ndani ya Kiswahili: katika Mama fulani, katika maana kamili ya pole, katika tofauti ya kuchukua na kupora. Lugha iliyofanywa pambo ndiyo yenye dawa.

Hivyo basi inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kijerumani wafundishwe Kiswahili cha kuishi kabla ya safari, na wanafunzi wa Tanzania ndio wawe walimu wao, kwa barua na kwa mazungumzo ya mtandao. Mpangilio huu humpa mwanafunzi wa Tanzania nafasi ya mjuzi, naye kwa zamu yake hupokea Kijerumani. Tangu UNESCO iitangaze tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani mwaka 2021, hakuna tena sababu ya shule kuona haya kuidai nafasi hiyo.

6.0 HITIMISHO

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii haikusema mgeni apone. Inamtazama mwenyeji kama mwenye kuhitaji, na mgeni kama mwenye kuleta. Katika mabadilishano ya shule kila upande hutarajiwa kuwa mgeni na mwenyeji kwa zamu, na hivyo kila upande utarajie kuponywa. Makala haya yameonyesha kwamba viza, kalenda, maamkizi, sheria na historia huelemea kuifanya zamu hiyo iwe ya upande mmoja, na kwamba anayesimama mahali pa kuisawazisha ni mwalimu mlezi. Shule zinazoandaa ziara zina wajibu wa kumtayarisha kwa kazi hiyo: apewe muda wa kuandaa wazazi, nafasi ya kuzungumza na mwalimu mwenzake wa ng'ambo kabla ya safari, na fursa ya kuandika aliyoyaona baada ya kurudi. Vinginevyo ataendelea kuwa msindikizaji, na msindikizaji, kwa maana ya neno hilo, huishia njia panda.